Sahani Isiyosikilizwa

Haya ya leo nilisimuliwa na Leota Brannock mwenyewe, kiangazi cha mwaka aliotimiza miaka sabini na mmoja, tukiwa kwenye ngazi za nyuma za nyumba yake tunatoa kokwa za aprikoti. Nilikuwa jirani yake, ua kwa ua. Alisimulia bila kuinua macho kwenye beseni, na kila alipofika mahali pagumu aliniuliza kama sukari itatosha.

Sukari ilitosha. Ilibaki hata.

Mliokuwa nami wiki jana mnakumbuka tulipomwacha. Kwa anayeingia leo, nitasema kwa kifupi. Leota alikuwa mwongozaji wa filamu pale Hollywood tangu enzi za picha bubu, na hadithi zake akiziandika mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Alikwisha kutoa filamu arobaini na tatu. Kisha picha zikaanza kusema, na wanawake wenzake waliokuwa wakiongoza filamu wakaonyeshwa mlango mmoja mmoja.

Leota yeye alipewa asubuhi moja na Bwana Gessler, mwenye studio. Asubuhi moja tu ya mwaka 1928, onyesho moja, na nta ya kunasia sauti ya kutosha mara tatu. Akifaulu, ataiongoza kwa mkono wake hadithi aliyoibeba miaka kumi, ya mama anayekunja nguo za mtoto wake aliyekufa. Akishindwa, hadithi inapewa kijana mmoja wa michezo ya jukwaani kutoka New York. Kijana mwenyewe alikwishakuja. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kofia gotini, anangoja mwenzake aanguke.

Tulimwacha Leota kwenye mlango wa jengo jipya la sauti, ameinua macho kwenye kibanda cha kioo kule juu, amemwona fundi wa sauti.

Alikuwa Harlan Vosburgh. Aliyekuwa mume wake.

*

Harlan alishuka ngazi taratibu, kama mtu aliyezoea kushuka nguzo za simu.

"Habari za siku nyingi, Leota."

"Hukuniambia umeacha kazi ya simu."

"Sijaacha. Simu ndizo zimenifuata huku. Hivi vyombo vyote unavyoviona ni simu tu, ila zimenenepa."

Leota alitaka kucheka, mdomo ukakataa.

"Unasikia nini ukiwa humo ndani?"

"Nasikia kila kitu. Nzi akitua kwenye pazia, najua ametua kwa mguu gani."

"Basi leo usisikilize sana."

"Ndiyo kazi waliyonipa, Leota. Kusikiliza."

Alikuwa akizungusha kitu vidoleni. Kipande cha waya wa shaba, kifupi kama kidole cha mtoto, kimesokotwa katikati. Leota hakuuliza ni nini. Alikijua.

Mwaka 1918, wakati wa ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima, walikuwa na binti wa miaka sita, Tilda. Simu ya nyumbani kwao Harlan aliifunga mwenyewe, Jumapili moja, bila ruhusa ya kampuni, akaunganisha waya juu ya nguzo kwa mikono yake ili mkewe akiwa kazini aweze kuitwa. Siku Tilda alipozidiwa, Harlan alikuwa mbali, juu ya nguzo za watu wengine. Jirani yao Bi Sorrel ndiye aliyekaa na mtoto. Leota alikuwa studio, siku ya mwisho kabla serikali haijafunga kila kitu.

Leota alifika nyumbani jua limezama. Tilda alikuwa amekwisha kufa.

Bi Sorrel naye homa ikamchukua Jumamosi ya wiki ileile, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza lolote. Harlan alimuuliza mkewe swali moja tu: Hukupigiwa simu? Na Leota akajibu kwamba hakuna simu iliyomfikia.

Harlan aliondoka pale msibani akiwa na suti yake nyeusi, akapanda nguzo. Akaukata ule muungano aliousokota mwenyewe, akautia mfukoni. Tangu siku ile hakuweza kumtazama mkewe usoni. Alijiona ndiye aliyemnyima, kwa waya wake mbovu, kumuaga mtoto wake. Baada ya mwaka mmoja na nusu alifungasha nguo zake, akamwachia Leota nyumba.

Huyo ndiye aliyepanda tena ngazi kuingia kwenye kibanda cha kioo, akavaa vyombo vyake masikioni.

*

Sasa niwaeleze kitu kimoja cha kazi yao, maana pasipo hicho hamtaelewa kilichotokea.

Enzi za picha bubu mwongozaji alikuwa anasema huku kamera inazunguka. Wote walifanya hivyo. Kamera inakereza kama cherehani, pembeni mpiga fidla anapiga wimbo wa huzuni, na mwongozaji anamwambia mwigizaji: geuka, cheka, sasa umemwona, sasa moyo umekupasuka. Hakuna kilichonaswa ila picha, kwa hiyo ungeweza hata kutukana.

Leota alizidi wote. Alisimama hatua tatu tu kutoka kwa mwigizaji, chini ya jicho la kamera, akasema kwa sauti ndogo tangu mwanzo wa onyesho hadi mwisho. Na aliyesemeshwa kuliko wote ni Neva Culhane.

Leota alimwokota Neva mwaka 1919, akikata tiketi kwenye dirisha la sinema moja, ana miaka kumi na mitano na viatu vya kaka yake. Akamweka kwake. Akamfanya nyota. Watu walipanga foleni kwenda kumwona Neva analia, na Neva alilia kwa sababu ya maneno aliyoambiwa na Leota kamera ikizunguka. Maneno gani? Mtayasikia. Siku ile kila mtu aliyasikia.

Sauti ilipokuja, mwongozaji akaambiwa afunge mdomo. Wapiga kamera wakafungiwa kwenye vibanda vilivyozibwa kwa mablanketi, mpiga fidla akarudishwa nyumbani, na juu ya kila kitu ikaning'inizwa maikrofoni, kama jogoo aliyechinjwa.

"Mama," Neva alimnong'oneza, ameshakaa kwenye kitanda cha mtoto cha maonyesho, nguo ndogo mapajani. "Utasimama wapi?"

"Pale nyuma ya kamba."

"Pale ni mbali."

"Ndiko walikonipangia."

"Hata midomo yako sitaiona. Mama, mimi sijawahi kulia peke yangu. Hata alipokufa bibi yangu nilikukumbuka wewe kwanza ndipo nikalia."

"Utalia. Hadithi unaijua."

"Naijua ukiisema wewe."

Leota alitoa leso mfukoni, akaikunja mara nne, akaitia katikati ya meno. Akaenda nyuma ya kamba.

*

Taa nyekundu ikawaka. Jengo zima likanyamaza hadi ukasikia taa zinavyoungua.

Neva akachukua shati la kwanza, akalikunja. La pili. Kisha ikasikika kwaruu, kwaruu, kwaruu.

Taa ikazimwa. Sauti ya Harlan ikatoka kwenye spika ya ukutani.

"Samahani. Kuna mtu anasaga mahindi."

Kila mtu akamtazama jirani yake. Bwana Gessler alikuwa amekatazwa sigara na daktari, basi siku hizi alikuwa anatafuna peremende za mnanaa, na shavu lake lilikuwa limevimba.

"Anatokea upande gani?" akauliza Gessler mwenyewe kwa ukali.

"Upande wako, bosi," ikasema spika.

"Mimi?"

"Labda ni kiti chako kinatafuna, bosi."

Vijana wa taa wakajiinamia, mabega yanatetemeka. Gessler akaitema peremende kwenye kiganja, akatafuta pa kuiweka, akaitia mfuko wa koti. Kijana wa New York hakucheka. Alitoa saa yake, akaitazama.

Nta ya kwanza ikawa imepotea hivyo.

Mara ya pili hapakuwa na kelele. Hapakuwa na kitu chochote. Neva alikunja zile nguo kama mtu wa dukani, akageuka mlangoni, akasema sentensi yake, "Kesho nitazifua tena," kwa sauti safi kabisa, kama anataja bei ya kitambaa.

Taa ikazimwa.

"Nimeisikia vizuri," ikasema spika, kwa upole.

Gessler akajikuna kidevu. "Leota, dada yangu, hii ni mbao. Tena mbao iliyopigwa randa."

"Nipe ya tatu."

"Ya tatu ndiyo ya mwisho. Nta hii naagiza kama dawa."

"Najua, Bwana Gessler. Nipe."

Leota alikuwa hajalala siku mbili. Usiku wa kwanza aliandika upya lile onyesho, wa pili akalirudisha lilivyokuwa. Alimwendea Neva, akapiga magoti, akamfunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Nisamehe, Mama," Neva alisema. "Nimekutafuta kichwani nikakuta ukimya tu."

"Usinitafute mimi. Tazama nguo."

"Sema neno moja tu kabla hawajawasha. Moja."

Taa nyekundu ikawaka.

*

Leota aliniambia hivi, na mimi namwamini: hakujua kwamba anasema.

Leso ilianguka, hakujua. Alipita chini ya kamba, hakujua. Alimwona tu Neva akichukua lile shati dogo kuliko yote, lenye kifungo kimoja, na miguu yake ikaenda pale ilipozoea kwenda kwa miaka kumi na mitano, hatua tatu, chini ya jicho la kamera.

"Polepole," alisema. "Hilo ndilo alilolivaa Jumapili. Usilikunje bado. Linuse.

"Simu imelia. Wewe ndiye umeipokea, hakuna mwingine, simu iko ukutani karibu na bega lako. Ni Bi Sorrel. Anasema njoo sasa hivi, mtoto anakuita. Unamsikia vizuri. Unamsikia hata mtoto nyuma yake.

"Nawe unatazama jua. Jua linakwisha, kesho wanafunga studio, kumebaki onyesho moja. Unamwambia, nipe dakika kumi. Dakika kumi tu nimalize hili, nakuja.

"Unalifanya. Halikukaa vizuri. Unalirudia. Umelirudia mara nne, mwanangu. Mara nne. Na ile ya nne ilikuwa nzuri, watu wakapiga makofi, na wewe ukasimama pale ukapokea makofi."

Neva hakulia kama alivyokuwa akilia kwenye picha zake. Alifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Akaliweka lile shati usoni, ikamtoka sauti kutoka mbali sana, kama mtu anayeinua mzigo. Kisha akalishusha, akalikunja vizuri, kona kwa kona.

"Kesho," akasema. "Kesho nitazifua tena."

Taa ikazimwa.

Leota alitabasamu, akageuka kuwauliza watu wameonaje. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

Akainua macho polepole hadi kwenye maikrofoni. Ilikuwa inaning'inia juu ya utosi wake.

*

Kila onyesho lilinaswa kwenye sahani mbili za nta kwa pamoja. Moja ni ya kusikilizwa palepale, na ukiisikiliza umeiua, maana sindano inaifuta huku inasema. Ya pili haiguswi. Inafungwa kwenye sanduku lake, inapelekwa kiwandani, inafanywa ngumu, na kutoka hapo sahani elfu, zinakwenda kila mji wenye sinema.

"Tusikilize," alisema Gessler.

"Hakuna haja," alisema Leota. "Nimeiharibu. Nimesema, nimekiri. Mpe kijana kazi yake."

"Nimesema tusikilize."

Harlan aliiweka ile ya kusikilizwa. Leota hakuwa amewahi kusikia sauti yake mwenyewe. Aliisikia ikitoka ukutani, ya mwanamke mzee kuliko yeye, inasema Bi Sorrel, inasema dakika kumi, na nyuzi nyembamba za nta zikimwagika sakafuni kama nywele kwa kinyozi.

Ilipokwisha, kijana wa New York alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa imeanguka, hakuiokota.

"Hayo maneno uliyaandika lini?" aliuliza Gessler.

"Zamani."

"Mbona hayamo kwenye karatasi yangu?"

"Hayakuwa ya karatasi."

"Yatakaa. Sikiliza, Leota. Mama anakunja nguo, na hiyo sauti ndiyo iliyo kichwani mwake. Hakuna mtu amewahi kufanya hivyo. Watu watang'oa milango!"

"Siyo sehemu ya filamu, bosi," ikasema spika.

"Sasa ni sehemu. Filamu ni yako. Jina lako mwanzoni, herufi kubwa kuliko za Neva, atake asitake. Wewe kijana, kuna treni saa kumi na moja."

Leota alishika kiti. Miaka kumi alikuwa akiiomba filamu ile, kwa Gessler huyuhuyu, akipewa ahadi na kahawa.

"Nitairudia," alisema. "Kesho. Nitaandika maneno mengine, mazuri zaidi."

"Rudia uone kama itakuja. Mambo haya huja mara moja, na wewe unajua." Aliingiza mkono mfukoni kutafuta peremende, akakumbuka, akautoa. "Gari la kiwandani linakuja saa nane kamili. Sahani ya pili ikipanda gari, filamu ni yako. Isipopanda, sina filamu nawe huna, na huyu kijana simpeleki stesheni. Haya, nendeni mkale."

Watu wakatoka, wanaongea kwa minong'ono. Vijana wa taa wakafungua lile lango kubwa la jengo ili joto litoke, na jua la mchana likaingia likakaa sakafuni kama zulia.

*

Neva hakutoka.

"Siku zote ulisema jirani," alisema. "Miaka tisa. Jirani akapiga simu, jirani akasema njoo. Leo umesema Bi Sorrel."

Leota aliinama kuiokota leso yake.

"Kule makaburini kwa Tilda, kaburi la pembeni limeandikwa Sorrel. Mimi ndiye ninayeling'oa majani. Mama, nilidhani unatunga."

"Ndivyo nilivyotaka udhani."

"Kwa nini?"

"Ungejua ni kweli, ungeweza kulia?"

"Nisingeweza kufungua hata mdomo!" Alijifuta pua kwa lile shati dogo, akashtuka, akaliweka chini. "Nimelipwa kwa machozi yale, Mama. Nimenunua gari. Gari la bluu. Nimelinunua kwa Tilda, na hukuniambia."

"Ningemwambia nani, Neva? Ilinibidi niseme mahali. Pale kamera ilikuwa na kelele, na wewe ulikuwa unasikiliza. Kanisani kuna ukimya mno."

Nadhani Neva alitaka kuondoka, maana alifika hadi langoni. Kisha akarudi, akajilaza kwenye kile kitanda kidogo cha maonyesho, magoti kifuani kwa sababu hakikumtosha, akamgeuzia Leota mgongo.

"Usiseme na mimi sasa," alisema. "Usiseme kitu chochote."

Leota akanyamaza. Safari hii aliweza. Baada ya kitambo mgongo wa Neva ukaanza kupanda na kushuka taratibu, kama wa mtoto aliyechapwa.

*

Harlan aliposhuka alikuwa amebeba sanduku bapa la mbao, mikono miwili, kama mtu aliyebeba keki. Alivuta kiti. Akaliweka sanduku sakafuni kati yao, kwenye kivuli, akakaa.

Leota alingoja apigwe kelele. Alikuwa tayari. Alikuwa amejiandaa kwa kelele hizo tangu mwaka 1918, anajua hata atajibu nini.

Harlan alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ilisikika vizuri?" aliuliza.

"Nini?"

"Ile simu. Bi Sorrel alisikika vizuri?"

"Vizuri."

"Haikukwaruza?"

"Haikukwaruza."

"Haikuwa inakatika katikati, anasema neno, linapotea, halafu anarudi?"

"Hapana, Harlan. Ilikuwa kama yuko chumba cha pili."

Harlan akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akatoa kile kipande cha waya mfukoni, akakinyoosha mbele ya macho, akakikagua kama fundi anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"Kwa hiyo waya wangu ulikuwa mzima," alisema.

"Ulikuwa mzima."

"Kila siku kwa miaka kumi nimeufunga upya kichwani. Nasema labda niliukaza kidogo. Labda niliukaza mno. Mvua ya wiki ile, nasema labda iliingia. Nimefundisha vijana wanane kazi hii, Leota, na kila mmoja nimempiga mkono kwa muungano kama huu. Muungano mzuri kabisa."

"Harlan…"

"Ngoja. Alikuwa anasema nini?"

"Nani?"

"Umesema ulimsikia mtoto nyuma ya Bi Sorrel. Alikuwa anasema nini?"

Hapa Leota aliacha aprikoti, akaniuliza kuhusu sukari, nikamwambia ipo. Ndipo akanipa jibu alilompa Harlan.

"Alikuwa anaita Baba," alisema. "Hakuwa ananiita mimi. Bi Sorrel alisema ananiita mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na simu. Lakini nilimsikia. Alikuwa anakuita wewe."

Harlan aliinama hadi paji la uso likagusa magoti. Leota alinyoosha mkono, ukafika nusu, akaurudisha. Hakujua tena kama anaruhusiwa.

Harlan aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umelowa lakini umetulia, umetulia kiasi cha kumtisha Leota kuliko kelele zozote.

"Sikiliza," alisema, na kugonga sanduku kwa kidole. "Hii hajaisikiliza mtu. Gari likija saa nane likaichukua, mwakani nitaingia sinema yoyote nchi hii nikusikie ukimwambia Bi Sorrel asubiri. Na wewe utakuwa na filamu yako. Najua ulivyoitaka. Niliijua tangu ikiwa kurasa tatu."

"Nifanye nini?"

"Mimi siyo mwongozaji." Akasimama. "Nta ikipigwa jua haisemi tena. Hilo ndilo ninalolijua mimi, ni la fundi. Hili jua linatambaa, saa nane kasorobo litakuwa limefika hapa tulipokaa. Ukitaka sahani ipone, isogeze ukutani. Hutaki, iache. Hutahitaji hata kunyanyua mkono."

"Utanichukia?"

Harlan alifikiri kweli kweli kabla ya kujibu.

"Nitakuchukia," alisema. "Lakini siyo leo. Leo nina usingizi, Leota. Sijui umetoka wapi. Nina usingizi kama mtu aliyepewa dawa."

Akauweka ule waya wa shaba juu ya kifuniko cha sanduku. Akatoka hadi kwenye ngazi za lango, akakaa, akaegemea nguzo, akashusha kofia usoni. Kabla Leota hajahesabu ishirini, mdomo wake ulikuwa wazi, na mkono wake wa kulia, ule uliokuwa hauachi kuzungusha kitu, ulikuwa umelala gotini, vidole vimefunguka.

*

Leota akabaki peke yake na sanduku.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini na tano. Jua lilikuwa kwenye ubao wa nne wa sakafu. Sanduku lilikuwa kwenye ubao wa tisa. Alihesabu mbao, akahesabu tena.

Aliwaza jina lake kwa herufi kubwa. Aliwaza Harlan ameketi gizani kwenye sinema ya mji asioujua, watu pande zote wanalia kwa utamu. Akawaza, na hili aliniambia kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na mtu mwingine pale kwenye ngazi, kwamba lile onyesho lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Kuliko lile la mara ya nne.

Jua likafika ubao wa tano.

Aliweka mkono juu ya sanduku. Mbao zilikuwa bado baridi. Waya wa shaba ulimchoma kiganja kidogo. Nje, mbali, upande wa barabara kuu, kulikuwa na mlio wa gari linalopanda kilima kwa gia ndogo, lakini Hollywood ina magari mengi, huwezi kujua ni lipi.

Neva alikuwa anakoroma kidogo kwenye kitanda cha mtoto. Harlan hakuwa ametikisika. Leota aliteremka kutoka kitini, akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa kitanda, mkono ukiwa bado juu ya sanduku. Siku mbili zote zikampanda machoni kwa pamoja.

Sitakawia, alijiambia. Nitaamua. Saa bado ipo.

Jua lilikuwa kwenye ubao wa sita, na lile gari lilikuwa limefika kwenye kona.

Dakika kumi, alisema. Dakika kumi tu.

Na usingizi ukamchukua.